UZI: Siku 8 angani na Spacelab-J. Vyura, mayai ya kuku na daktari aliyesoma Kiswahili

#1 Tyubu Nyekundu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka mezani. Mimi ni mtu wa maabara, hospitali ya wilaya. Karibu kila asubuhi nafanya kipimo cha ESR. Unachukua damu iliyotiwa dawa ya kuzuia isigande, unaivuta kwenye bomba jembamba, unalisimamisha wima kwenye stendi yake na kutazama saa. Baada ya saa 1 unarudi kusoma seli nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Juu utakuta maji ya manjano, chini wekundu, na mstari kati yao umenyooka kama umepigwa rula.

Mwaka jana mwanafunzi aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo aliniuliza, "Dada, kipimo hiki ukikifanya ndani ya chombo cha anga utasoma ngapi?"

Nilinyamaza kwanza. Kumbe seli zile hazishushwi na dawa wala umeme. Zinashuka kwa uzito wake tu. Ukiuondoa uzito hazina pa kushukia, maana hata hiyo "chini" yenyewe haipo. Ungerudi baada ya saa 1 ukakuta damu imekaa vilevile ulivyoiacha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma habari za maabara zilizopelekwa angani na watu wakaenda kufanya kazi ndani yake. Zipo nyingi, lakini moja imenikaa moyoni kuliko zote: Spacelab-J, Septemba 1992.

Spacelab yenyewe ilijengwa Ulaya, kazi kubwa ikifanyika Bremen, Ujerumani. Ni silinda ya urefu wa karibu mita 7 na upana wa mita 4 hivi. Pigeni picha ya basi la Coaster kwa urefu, ila nene zaidi. Ndani kuna makabati ya vifaa ukutani, pande zote mbili. Silinda hii haikuruka yenyewe. Iliwekwa kwenye tumbo la mizigo la vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikipaa na kurudi kutua kama ndege, na wanaanga waliingia humo kwa kupita kwenye mrija kutoka chumba chao cha mbele. Safari ikiisha maabara inarudi nyumbani pamoja nao, vifaa vinatolewa, vinawekwa vingine. Ya kwanza iliruka na chombo kimojawapo, Columbia, tarehe 28 Novemba 1983. Ya mwisho ilikuwa Neurolab, Aprili 1998, iliyochunguza ubongo na mishipa ya fahamu.

Hii ya 1992 ilibebwa na chombo kingine, Endeavour, kilichokuwa kwenye safari yake ya pili. Ilipaa Florida tarehe 12 Septemba, na ilipaa kwa wakati uliopangwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Novemba 1985. Ilikuwa na majaribio 44: 24 ya vitu kama vyuma, vioo na fuwele, na 20 ya viumbe hai. Japani ndiyo iliyoleta 35 kati ya hayo, na herufi J inatokana nayo.

Walikwenda watu 7. Kamanda alikuwa Robert Gibson na rubani Curtis Brown. Mark Lee na Jan Davis walikuwa mume na mke, wa kwanza kuruka pamoja angani. Jay Apt. Mamoru Mohri, Mjapani wa kwanza kufika angani. Na Mae Jemison, daktari, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani.

Kazi haikusimama usiku wala mchana. Waligawana zamu mbili, Nyekundu na Bluu, saa 12 kwa saa 12. Wale wanandoa waliwekwa zamu tofauti, mmoja akiamka mwenzake anakwenda kulala. Sisi wa hospitali tunayajua hayo.

Nikitulia nitaendelea na vyura. Ulizeni.

#2 Msomaji Kimya

Naweka kambi hapa. Dada endelea.

#3 Kalamu ya Risasi

Mleta mada, uzi mzuri ila sahihisha kidogo. Mohri hakuwa Mjapani wa kwanza angani. Wa kwanza alikuwa mwandishi wa habari, Toyohiro Akiyama, Desemba 1990. Kituo chake cha televisheni ndicho kilicholipia safari, akaenda na chombo cha Wasovieti hadi kituo chao cha anga, Mir. Mohri alikuwa wa kwanza kupelekwa na shirika la anga la Japani, na Mjapani wa kwanza kuruka na vyombo vile vya Marekani. Alikuwa amechaguliwa tangu 1985 akasubiri miaka 7, kwa sababu Challenger, chombo kingine cha Marekani cha aina ile ile, kililipuka Januari 1986 na kila kitu kikasimama.

#4 Tyubu Nyekundu

Asante sana mkuu, umenisaidia. Nimekosea, na #1 nitaiacha ilivyo ili wanaofuata waone sahihisho lako.

Na kungoja huko hakukuwa kwa Mohri peke yake. Jemison naye aliomba kazi Oktoba 1985. Challenger ikaanguka na watu wake 7, uchaguzi ukasitishwa. Akaomba tena, na 1987 akawa mmoja wa 15 waliochaguliwa kati ya waombaji 2,000 hivi. Kuwaona wenzako wamekufa kwenye kazi ile ile unayoiomba, halafu ukarudisha maombi! Mimi hapo nilifunga simu nikatoka nje kidogo.

#5 Mama Wawili

Nimesikia huyu Jemison anajua Kiswahili, ni kweli au ni maneno ya mtandaoni?

#6 Tyubu Nyekundu

Ni kweli dada. Wasifu wake hutaja Kiswahili kati ya lugha alizojifunza, pamoja na Kirusi na Kijapani. Alizaliwa Decatur, Alabama, 1956, akakulia Chicago. Aliingia Chuo Kikuu cha Stanford akiwa na miaka 16, akatoka 1977 na uhandisi wa kemia pamoja na masomo ya Afrika na Wamarekani weusi. Kisha udaktari Cornell, 1981. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari alifika huku kwetu Afrika Mashariki akafanya kazi na madaktari wanaoruka, wale wa ndege ndogo zinazofuata wagonjwa vijijini. Kati ya 1983 na 1985 alikuwa daktari wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, huko Sierra Leone na Liberia.

Kinachonigusa ni kwamba kule Afrika Magharibi kazi yake haikuwa kutibu tu. Alisimamia duka la dawa na MAABARA. Kwa hiyo yule mama aliyeelea mbele ya makabati ya Spacelab anajua maana ya kufanya kazi mahali ambapo kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, kikiisha hakuna pa kukimbilia. Angani ni hivyo hivyo. Ulichopakia ndicho ulichonacho.

Alibeba vitu vyake vichache pia, kimojawapo sanamu ya chama cha akina mama kiitwacho Bundu, cha Sierra Leone, na picha ya Bessie Coleman, rubani mweusi wa zamani.

#7 Kijiti cha Mwisho

Mimi nina swali na sitanii. Fedha zote hizo kupeleka vyura angani zinamsaidia nani? Kwetu bomba la maji linatoa siku mbili kwa wiki. Zahanati haina hata glavu. Tunashangilia nini hapa?

#8 Tyubu Nyekundu

Mkuu, swali lako ni la haki na mimi naishi ndani yake. Glavu ninazijua zikiisha zinaishaje. Sitakudanganya kwamba chura wa 1992 alileta maji kijijini. Na fedha zile zilikuwa za Marekani na Japani, hazikutoka kwenye bajeti ya zahanati yako wala yangu.

Ila nikuambie kitu kimoja kutoka humo ndani. Dripu. Tunaitundika juu ya stendi kwa sababu maji yanashuka kwa uzito wake. Hewa iliyomo kwenye chupa nayo inapanda juu na kubaki juu, haimfuati mgonjwa kwenye mshipa. Angani dripu haidondoki, na mapovu yametapakaa humo humo ndani ya maji. Sasa mwanaanga akiumia utamwongezea maji vipi? Ndani ya Spacelab-J walijaribu mtambo wa kuyaandaa maji ya dripu huko huko, kuyachanganya na kuyasukuma. Ukisoma jinsi walivyohangaika na povu moja dogo, unarudi wodini unaitazama ile stendi ya chuma kwa macho mengine kabisa. Mimi nimekuwa mtaalamu bora kwa kusoma mambo haya, hilo nalisema bila kuona haya.

#9 Kijiti cha Mwisho

Nimekuelewa dada, ingawa bado sijashawishika kuhusu fedha. Endelea na vyura.

#10 Nahodha wa Nchi Kavu

Kabla ya vyura, mtu anifafanulie. Kule hakuna graviti kwa sababu ni mbali na dunia, sivyo?

#11 Kalamu ya Risasi

Sivyo, na hapa wengi hukosea, hata vitabuni. Endeavour ilikuwa juu kilomita 300 hivi. Huko mvutano wa dunia bado ni zaidi ya 90% ya huu tulio nao hapa. Ungejenga mnara wa urefu huo ukasimama kileleni, ungesikia uzito wako karibu wote.

Wanaelea kwa sababu wanaanguka. Chombo, maabara, watu, chura, maji ya dripu, vyote vinaanguka pamoja kwa mwendo uleule, kwa hiyo hakuna kinachomkandamiza mwenzake. Na hawafiki chini kwa sababu wanakwenda pia mbele, kilomita karibu 28,000 kwa saa. Kila wanapoanguka, dunia nayo imekwisha kujipinda chini yao. Wanaizunguka yote kwa dakika 90.

Rusha jiwe mbali, litaanguka mbali. Lirushe kwa kasi ile, litaanguka bila kufika.

#12 Nahodha wa Nchi Kavu

"Litaanguka bila kufika." Leo nimelala na elimu. Shukrani mwalimu.

#13 Tyubu Nyekundu

Haya, vyura.

Chura aliyechaguliwa ni wa Afrika, yule wa kusini mwenye kucha kwenye miguu ya nyuma, Xenopus. Na hapa nawaomba wenye UPT nyumbani msogee karibu. Kile kijiti cha kupimia mimba kwa mkojo kinatafuta homoni moja inayoitwa hCG. Zamani, kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, wataalamu wa maabara walipima mimba kwa kumchoma chura huyu sindano yenye mkojo wa mwanamke. Kama mama ni mjamzito, chura anataga mayai kabla hata ya siku kuisha. Maabara zilifuga vyura kwenye matangi kama sisi tunavyotunza vitendanishi kwenye friji.

Basi ndani ya Spacelab-J wanaanga walitumia homoni hiyo hiyo. Waliwachoma vyura majike 4, vyura wakataga, mayai yakarutubishwa kwa mbegu walizokuwa nazo. Jemison alikuwa miongoni mwa walioihudumia kazi hiyo.

Swali lilikuwa hili. Yai la chura lina upande mweusi na upande mweupe wenye akiba ya chakula, na huo mweupe ndio mzito. Likisharutubishwa linajigeuza lenyewe, upande mzito unakwenda chini. Tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita watafiti walikuwa wanabishana: je, huko kujigeuza ndiko kunakomwambia kiumbe mgongo uwe wapi na tumbo wapi? Hapa duniani huwezi kujibu kwa uhakika, maana hata ukilizungusha yai siku nzima, uzito unao tu.

Wakayagawa mayai mafungu mawili. Fungu moja likakaa bila uzito. Jingine likawekwa kwenye sentrifyuji, mashine ile ile tunayozungushia damu, ila kwa mwendo mdogo unaoleta uzito sawa na wa duniani. Yote mawili yako angani, chombo kimoja, hewa moja, mtikisiko mmoja. Tofauti yao ni uzito peke yake. Mimi kama mtu wa maabara, sehemu hii ndiyo ninayoivulia kofia kuliko roketi. Asingefikiria mtu kupeleka ile sentrifyuji, tusingejua kama mabadiliko yanatokana na kukosa uzito au na misukosuko ya safari.

Na majibu: yale ya bila uzito yalikua. Kulikuwa na tofauti mwanzoni, ngozi ya juu ya kiinitete ilikuwa nene kuliko kawaida, lakini baadaye ikajirekebisha. Viluwiluwi vikaanguliwa, mgongo upande wake, tumbo upande wake. Uzito haukuhitajika.

Kasoro moja ikabaki. Kiluwiluwi cha chura huyu hupanda juu ya maji kuvuta hewa ya kwanza ya kujaza mapafu. Angani "juu ya maji" ni wapi? Hewa ilikuwepo, lakini hawakuweza kuifikia. Mapafu yakabaki madogo, matupu. Endeavour ilipotua Florida tarehe 20 Septemba, viluwiluwi vikapata chini na juu, baada ya siku chache mapafu yakajaa, vikakua hadi vyura kamili.

#14 Mama Wawili

Nimesoma hapo kwenye mapafu nimeshika kifua. Hewa ipo, hujui iko upande gani.

#15 Kuku Wangu

Mleta mada, kichwa cha uzi kimetaja mayai ya kuku na ndicho kilichonileta. Nafuga. Mwaka jana mashine yangu ya kutotolesha iliharibika mota ya kugeuza trei, na aliyeniuzia alikuwa amenihakikishia inageuza yenyewe. Joto lilikuwa sawa, unyevu sawa, nikawa sina wasiwasi. Siku ya 21 hakuna kitu. Nikapasua moja moja. Vifaranga vingi vilikuwa vimefia mwanzoni mwanzoni, vimegandamana na ganda upande mmoja, ukivuta vinachanika. Mayai 88. Nilikaa chini pale bandani. Sasa niambie, kule ambako hakuna juu wala chini, yai lilikuwaje?

#16 Tyubu Nyekundu

Pole sana kaka. 88 ni mengi.

Kule walikuta kinyume cha shida yako, na nadhani wewe utaielewa kuliko sisi wote. Walipeleka mayai 30 yenye mbegu, ya umri tofauti. Mengine hayakuwa yameatamiwa kabisa, mengine yalikuwa yameshakaa kwenye joto siku 7, mengine siku 10. Yale yaliyokwisha kuanza hapa duniani yalinusurika. Yale mapya karibu yote yalikufa.

Sababu inayotajwa ni hii: hapa duniani kiini cha njano ni chepesi kuliko ute, kwa hiyo kinapanda na kumsogeza kifaranga karibu na ganda, ambako hewa inapenya. Wewe ukigeuza trei unazuia kisikae sehemu moja hadi kikanata. Angani kiini hakipandi. Kinabaki katikati ya ute, mbali na ganda, na yule mdogo hajapata bado utando wa kumfikisha kwenye hewa. Wale wa siku 7 na 10 walikuwa wameshajishika kwenye ganda kabla ya kuondoka.

Vifaranga vyako vilikufa kwa kukaa mno kwenye ganda, vile vya angani kwa kutolifikia.

#17 Kuku Wangu

Aisee. Mimi miaka yote naambiwa "geuza mayai" kama amri tu. Hakuna aliyewahi kuniambia kiini kinapanda.

#18 Kalamu ya Risasi

Niongeze mawili kwa haraka. Walikuwepo pia samaki wa Kijapani, koi, mmoja akiwa ametolewa vijiwe vidogo vya sikioni vinavyompa mwili habari ya juu na chini, ili kuchunguza kichefuchefu cha wanaanga kinaanzia wapi. Na kulikuwa na manyigu kutoka Israeli, kuona kama watajenga sega bila uzito, maana huwa wanalijenga kuelekea chini. Hilo halikufanikiwa. Mfumo wa unyevu uliharibika na wengi wakafa. Maabara ni maabara, hata ikiwa juu.

#19 Tyubu Nyekundu

Kweli kabisa mkuu. Jemison mwenyewe alikuwa mtafiti mwenza kwenye jaribio la seli za mifupa. Mifupa ya mwanaanga hupungua, kama ya wazee wetu, ila kwa haraka zaidi.

#20 Msomaji Kimya

Nilisema nasoma tu lakini hili linanilazimu. Tusiwasahau wale wa Columbia. Januari 2003 walikwenda siku 16 na maabara tumboni mwa chombo, majaribio zaidi ya 80, zamu mbili kama hawa. Wakarudi tarehe 1 Februari, chombo kikavunjika juu ya Texas dakika 16 kabla ya kutua. Wote 7 walikufa. Kwenye mabaki wakaokota mikebe ya minyoo midogo ya jaribio moja. Walipoifungua wiki kadhaa baadaye, minyoo ilikuwa hai. Nilikuwa darasa la sita, mwalimu alituletea gazeti.

#21 Tyubu Nyekundu

Mungu awarehemu. Hao pia walikuwa kazini.

#22 Mto Potomaki

Nimechelewa kuuona uzi huu, nipo Maryland. Silinda ya Spacelab nimeiona kwa macho, ingawa si ile ile iliyoruka 1992, ni pacha wake. Ipo kwenye jumba la makumbusho la ndege na anga karibu na uwanja wa Dulles, Virginia. Endeavour yenyewe iko Los Angeles, hapa tuna mwenzake, Discovery, na silinda hiyo iko kwenye banda hilo hilo. Watu wanakimbilia chombo kikubwa wanapiga picha, ile silinda wanaipita. Nami niliipita. Jumamosi nampeleka binti yangu, nitasimama nayo. Dada, unataka nikuangalizie nini?

#23 Tyubu Nyekundu

Kaka, umenipa furaha ambayo sikuitarajia. Kama unaweza kuona ndani, niangalizie sakafu. Nataka kujua walipokuwa wanafanya kazi kwenye kabati la sentrifyuji, miguu waliishikiza wapi.

#24 Kuku Wangu

Nimetoka bandani saa hii. Trei nageuza kwa mkono siku hizi, mara tatu kwa siku, alama ya kalamu upande mmoja na msalaba upande wa pili. Leo nimelimulika moja la siku ya 5 kwa tochi nikaligeuza taratibu. Kiini kilipanda. Nimekiona.